Nahariri rivyu ya mchoraji mwanamke, sifa ndo zinanitia shaka kuliko lawama

kalamu_nyekundu

Wakuu habari zenu, naomba mawazo ya mnaoandika au kuhariri mambo ya sanaa. Tuna jarida dogo la mtandaoni, mi nashika upande wa maonyesho. Imeingia rivyu ya maonyesho ya mchoraji mmoja mwanamke, turubai kubwa zenye nyuzi zilizoshonwa juu ya rangi. Mwandishi ni kijana, anajitahidi na ana jicho, hilo nalisema mapema msije mkamshambulia bure.

Sasa shida iko hivi. Aya ya kwanza yote inatuambia huyu ni mke wa mchongaji fulani anayejulikana. Ya pili ni alivyovaa siku ya ufunguzi, na jinsi anavyoweza kuchora "licha ya" kulea watoto wawili. Ya tatu ndo tunafika kwenye picha, tunaambiwa rangi zake ni laini, za kike, na kazi "inatoka moyoni". Halafu aya ya tano kijana anaamka ghafla, anaandika kwamba picha nne za mwisho zinarudia mbinu ileile ya uzi mwekundu bila kuongeza kitu, na kwamba msanii kajificha nyuma ya ustadi wake. Ndo aya nzuri kuliko zote, unaona kabisa imeandikwa na mtu aliyesimama mbele ya picha akaangalia.

Mwenzangu tunayesimamia naye jarida kasoma, kasema zile za mwanzo ziko poa, zinamwonyesha msomaji mtu mwenyewe aliyechora, ila hiyo ya tano tuitoe manake wanawake kwenye sanaa wana safari ngumu, tusimvunje dada wa watu moyo, na jarida letu tumeshasema wazi ni la kifeministi. Mi naona kinyume kabisa lakini nikitaka kueleza nashindwa, naishia kusema tu haijakaa sawa. Mwandishi nilimgusia habari ya aya za mwanzo akanijibu hiyo ndo sauti yake, na kila mahali amemsifia, sasa tatizo liko wapi.

Kwa hiyo nauliza, unaharirije kifeministi na kwa maadili bila kugeuka polisi wa maneno? Aya ya lawama ibaki au itoke? Na mi mpaka wangu unaishia wapi, maana nikibadilisha sana itakuwa makala yangu yenye jina la mtu mwingine.

BintiTurubai

Kalamu hujakosea, na sababu ipo. Aya za sifa zinamzungumzia kila kitu isipokuwa kazi aliyofanya. Ya lawama ndiyo pekee iliyomchukulia kama mchoraji. Mwenzako anataka kuchapisha dharau na kuitoa heshima, na nia yake ni njema kabisa, ndo maana inakuwa ngumu kubishana naye.

Mpe mfano huu. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachiwa kwa wosia mwaka 1917 picha ya msichana amekaa dirishani anachora, kioo cha dirisha kimepasuka, mwanga unamjia kutoka nyuma. Iliingia ikiaminika ni ya Jacques-Louis David, mchoraji mkubwa wa Ufaransa enzi zile, na kwa jina hilo ikasifiwa miaka mingi. Mwaka 1951 mtaalamu Charles Sterling akaonyesha haiwezi kuwa yake, maana ilitundikwa mwaka 1801 kwenye Salon, maonyesho makubwa rasmi ya sanaa ya Paris, na David mwaka ule hakupeleka kitu. Akapendekeza ni ya mwanamke, Constance Charpentier, na leo inahesabiwa ni ya Marie-Denise Villers. Utafiti wenyewe ulikuwa wa maana sana, lakini angalia alichofuatisha: sasa akaona ushairi wa picha ni wa kifasihi zaidi kuliko wa kiuchoraji, akaona ina mvuto, ina udhaifu uliofichwa kwa ujanja, na vyote hivyo akasema vinaashiria roho ya kike. Hakuna tone la rangi lililoongezwa wala kupunguzwa pale, kilichobadilika ni jina kwenye lebo, na macho ya mtaalamu yakafuata jina.

Kijana wako kafanya kitu hichohicho na "rangi laini za kike". Sidhani ameziona kwenye turubai, amezikuta kichwani kwake.

Njia rahisi ya kumwonyesha bila ugomvi, mwambie asome kila sentensi akiweka jina la mchoraji mwanaume pale. Yule mume wake mchongaji ashawahi kuandikiwa kwamba anachonga licha ya kulea watoto wawili? Hao watoto ni wake pia. Sentensi ikichekesha kwa mwanaume basi iondoke, isipochekesha iache. Ila msilifanye hilo jaribio kuwa sheria, manake kuna kazi ambazo uzazi ndo mada yenyewe. Mary Kelly alionyesha London mwaka 1976 kazi aliyoijenga kutokana na malezi ya mwanae, mpaka vitambaa vya ndani vya nepi vyenye madoa viliwekwa ukutani pamoja na maandishi yake, na magazeti yakapiga kelele sana. Ukimwandikia huyo bila kutaja umama umeificha kazi. Kwa hiyo swali ni je maisha yake yako ndani ya kazi, au mwandishi kayaleta tu kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Aya ya tano ibaki. Tena uilinde.

Mtazamaji

Mi natofautiana kidogo na mwelekeo wa huu uzi. Nikisoma rivyu nataka kujua picha inafanya kazi au haifanyi, basi. Jinsia ya msanii, ya mwandishi, ya mhariri, vyote hivyo havinisaidii kuona. Na hofu yangu ya siku nyingi ni kwamba jarida likishajiita la kifeministi linapoteza uwezo wa kusema picha dhaifu ni dhaifu, na mwenzake Kalamu ameshathibitisha. Mngesema tu tunahukumu kazi kwa kazi, bila kivumishi chochote mbele, haya yote yasingekuwepo. Aya tatu za mwanzo zingekatwa kwa sababu ni uandishi mbaya, na ya tano ingebaki kwa sababu ni nzuri.

Nyuzi_na_Udongo

Mtazamaji nakuelewa, na kwenye matokeo tunakubaliana, lakini "kazi kwa kazi" inadhani kazi zote zilifika ukutani kwa njia moja. Royal Academy ya London, chama na shule ya wasanii, ilianzishwa 1768 na wanawake wawili kati ya waanzilishi, Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye Johan Zoffany akachora wanachama wamekusanyika kwenye chumba cha kuchorea watu wa uchi. Wanaume wote wako pale chini wanajadiliana, Kauffman na Moser wako ukutani, kama picha mbili zilizotundikwa, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuwa chumba kimoja na mwanaume aliyekaa uchi kuchorwa. Waanzilishi! Na baada yao hakuchaguliwa mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili mpaka Laura Knight mwaka 1936. Mwaka 1971 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin aliuliza kwenye jarida la ARTnews kwa nini hakujawahi kuwa na wasanii wanawake wakubwa, akasema tusikimbilie kutafuta majina ya wanawake waliosahaulika kabla hatujatazama shule, vyuo na sheria zilizoamua nani afundishwe mwili wa binadamu unachorwaje, wakati picha kubwa za historia na dini ndizo zilizokuwa zinahesabika na haziwezekani bila hayo mafunzo. Huwezi kuona hilo ukiikodolea macho picha peke yake.

Sasa turudi kwenye uzi wa huyu dada, uzi wa kushonea, maana hapo mimi ndo nimekaa. Nafanya kazi ya kufuma na inaniuma nikiona nyuzi zinasomwa moja kwa moja kuwa ulaini na moyo. Shule ya Bauhaus ilipoanza Ujerumani mwaka 1919 iliahidi usawa, na bado wanawake wengi wakasukumiwa kwenye karakana ya ufumaji. Anni Albers mwenyewe alitaka kwenda kwenye vioo, akaishia kwenye nyuzi, na akazifikiri kama mhandisi, nyuzi gani inabeba uzito, ipi inarudisha mwanga, ipi inameza sauti ya chumba. Mwaka 1949 akawa mfumaji wa kwanza kupewa maonyesho yake peke yake Museum of Modern Art. Ukimwandikia mtu kama huyo kwamba kazi "inatoka moyoni" umemnyang'anya akili aliyotumia.

Kwa hiyo Kalamu usimwambie kijana afute "laini za kike" halafu ukaishia hapo, atabaki na shimo atalijaza na kitu kingine cha hovyo. Muulize huo mshono unafanya nini. Umekazwa mpaka turubai limejikunja au umelegea unaning'inia? Sindano imepita kabla ya rangi kukauka au baada, manake ikipita baada unaona rangi imepasuka kuzunguka tundu. Nyuma ya turubai kumeachwa mafundo? Uzi mwekundu unashika mistari ya mchoro au unaikata? Akirudi kuangalia kwa maswali hayo atapata aya mbili za nguvu, na aya ya tano itakuwa na miguu, kwa sababu msomaji atajua ni mbinu gani hasa inayorudiwa. Sasa hivi lawama yake ni kweli lakini haijathibitishwa.

kalamu_nyekundu

Hili la mwisho limenifungua kweli, lawama ithibitishwe, ahsante sana. BintiTurubai mfano wa ile picha ya dirishani nimemtumia mwenzangu, amesoma, kanyamaza kidogo halafu akasema bado anaona ni kumwonea.

Kuna jambo sikulisema mwanzo kwa sababu sikuona kama linahusika ila sasa naona linahusika. Mwenzangu ana picha ya huyu msanii nyumbani kwake, aliinunua zamani, na wanafahamiana vizuri tu. Simtuhumu chochote, ni mtu mwadilifu.

mhakiki_huru

Linahusika sana. Mwenye picha ya msanii ukutani ana maslahi kwenye jina la msanii, hata kama hajawahi kuwaza kuiuza, na msomaji ana haki ya kujua. Uadilifu wake haupunguzi hilo. Hapa maadili ni rahisi kuliko mnavyodhani: asiamue aya ipi ikae kwenye hii makala, na kama jarida lina uhusiano na msanii liandike mstari mmoja chini ya makala useme hivyo. Si lazima mtu awe hajuani na wasanii ndo aandike, dunia ya sanaa ni ndogo mno. Lucy Lippard, mhakiki wa Marekani, alikuwa anaandika juu ya wasanii aliokuwa anaandamana nao, mwaka 1970 alikuwa kwenye kundi lililolisumbua Whitney Museum ya New York likidai wanawake wawe nusu ya maonyesho, na hakujifanya kwamba anatazama kutoka mawinguni. Alisema amesimama wapi, msomaji akapima. Ukaribu unaofichwa ndo unaooza.

Sasa upande wa mwandishi, manake mi naishi kwa kuandikia majarida ya watu na huku nyie wahariri mnatusahau. Kijana akisema "ni sauti yangu" mara nyingi anamaanisha naogopa utanifuta. Mpigie simu. Usimrudishie faili limejaa wekundu, mrudishie maswali pembeni, machache, yale ya Nyuzi yanatosha, umwache aandike upya mwenyewe. Ukibadilisha sentensi iliyobeba hukumu, yaani inayosema kazi ni nzuri au mbaya, hiyo lazima aione na akubali kabla haijatoka. Koma na tahajia malizia mwenyewe. Na kama maswali yako yanamrudisha ukumbini mara ya pili basi mlipeni hiyo kazi ya pili, nyie mnaojiita wafeministi, kwa sababu kumtumikisha mtu bure kwa jina la ubora ni unyonyaji uleule tunaoupigia kelele kwingine.

Halafu kichwa cha habari. Hakuna aliyekitaja hapa na ndo kinachosomwa na watu wengi kuliko makala. Kwa kawaida mwandishi hakiandiki, mnaandika nyie usiku mkiwa mmechoka, na mnaweza kusafisha makala yote halafu mkaweka juu yake "Mke wa mchongaji aibuka na nyuzi zake". Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kushinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, mwaka 2017, kuanzia 2007 alikuwa anachukua kurasa za gazeti la Guardian la hukohuko na kupaka rangi juu yake, kuonyesha jinsi picha ya mtu mweusi inavyowekwa karibu na kichwa cha habari kisichomhusu, ikapokea uchafu wa maneno ya jirani yake. Hilo gazeti ni la watu wanaojiona wako upande sahihi. Mara nyingi kosa halikuwa kwenye sentensi za mwandishi, lilikuwa kwenye upangaji wa ukurasa, kwenye mikono ya wahariri. Mpe mwandishi kichwa cha habari akione kabla hakijatoka, hata kama neno la mwisho ni lako.

Na Mtazamaji, kuna aliyefikia mwisho wa mawazo yako akakuta kuna tatizo kubwa zaidi. Carla Lonzi, mhakiki wa Italia, mwaka 1969 alichapisha kitabu cha mazungumzo aliyoyarekodi kwa tepu na wasanii 14, mwanamke akiwa mmoja tu, Carla Accardi, akayakata na kuyaunga yawe kama kikao kimoja, hukumu ya mhakiki akaiondoa. Mwaka uliofuata akaanzisha kundi la Rivolta Femminile na uhakiki akauacha kabisa, aliona ile nafasi ya kuhukumu yenyewe ni madaraka ya uongo. Mi simfuati mpaka huko, nadhani wasanii wanawake wamehukumiwa kidogo mno kwa kazi zao na sana kwa mengine. Lakini kila nikiandika "amefaulu" au "ameshindwa" namkumbuka.

BintiTurubai

Kuhusu kuunga mkono wanawake kwa kuficha udhaifu, naongeza kidogo tu kwa ajili ya mwenzake Kalamu. Mchoraji Lee Krasner mwalimu wake Hans Hofmann alimwambia kazi yake ni nzuri kiasi kwamba huwezi kujua imefanywa na mwanamke. Alikusudia kumsifia. Krasner alikaa na sentensi hiyo maisha yake yote, tunaikumbuka hadi leo, na nani anakumbuka rivyu kali lakini ya haki aliyowahi kupata? Sifa ya aina hii inadumu vibaya kuliko lawama.

lebo_ya_chini

Mi nafanya maelezo ya chini ya picha, nafasi ndogo kabisa lakini acheni niseme. Mwaka 1800 Marie-Guillemine Benoist alichora mwanamke mweusi aliyekaa amevaa kilemba cheupe, picha iko Louvre. Kwa wafeministi wengi ilikuwa ushindi, mchoraji mwanamke, kazi ya daraja la juu. Kwenye lebo aliyekaa alikuwa hana jina, ametajwa kwa rangi yake tu. Mwaka 2019 Musée d'Orsay ilipofanya maonyesho ya watu weusi waliochorwa, picha ikapewa jina lake, Madeleine, na kwenye picha ya Olympia ya Manet wakamtaja Laure, yule mwanamke mweusi anayeleta maua ambaye wahakiki walipita mbele yake zaidi ya miaka mia wakimwangalia mwanamke mzungu aliyelala uchi kitandani. Msanii Lorraine O'Grady alishaliandika hilo mwaka 1992, kwamba hata wanawake wenzetu wakosoaji walimwangalia mmoja wakamwacha wa pili.

Kwa hiyo kwenye makala yako Kalamu, kama kwenye hizo turubai kuna watu waliokaa kuchorwa, au kuna mafundi waliomsaidia kushona (turubai kubwa namna hiyo si rahisi mtu ashone peke yake), uliza majina, uliza kama wanataka kutajwa, andika. Msanii atumiwe mambo ya ukweli tu ayahakiki, vipimo, mwaka, majina, vifaa. Hukumu asitumiwe. Wengi wanachanganya hapo, wanamtumia rasimu nzima kwa heshima halafu anarudisha imepakwa asali.

kalamu_nyekundu

Nimeongea na kijana jana kwa simu, muda mrefu kuliko nilivyopanga. Maswali ya mshono aliyapenda kuliko mimi nilivyotarajia, akasema tangu mwanzo alitaka kuandika kuhusu tundu za sindano ila aliona si jambo la rivyu, akadhani inabidi aanze na mtu. Amekubali kurudi ukumbini na tumekubaliana malipo ya nyongeza. Mume atabaki kwenye sentensi moja tu, kwa sababu kumbe fremu za chuma zilizobeba turubai ni yeye aliyezichomelea, na hiyo ni habari ya kazi. Washonaji wapo pia, lebo_ya_chini uliwaza sawa, tunasubiri ruhusa yao.

Mwenzangu amekubali kujitoa kwenye maamuzi ya makala hii na mstari wa chini ameuandika yeye mwenyewe. Kuhusu aya ya tano bado hatujapatana, anasema uthibitisho ukija mzuri hatapinga ila hataifurahia, na mi nimemwambia kuifurahia si sharti.

Mtazamaji

Sawa, nimesoma yote na la Zoffany sikuwa nalijua, limenikaa. Bado nasema hukumu iwe kali sawa kwa wote. Kwa hiyo ushauri wangu kwako Kalamu ni wa hesabu. Guerrilla Girls, kundi la wasanii wanawake wa New York, walianza 1985 baada ya Museum of Modern Art kufanya maonyesho makubwa ya wasanii 169 na wanawake 13 tu, na bango lao la 1989 halikuwa na nadharia ndefu, walienda Metropolitan wakahesabu: kwenye sehemu za sanaa ya kisasa wasanii wanawake chini ya asilimia 5, picha za uchi asilimia 85 ni za wanawake. Pitia makala zenu zote zilizotoka. Hesabu wanawake wangapi wameandikiwa, lakini usiishie hapo, hesabu maneno ambayo kila msanii amepewa kuhusu kazi yenyewe na maneno kuhusu maisha yake, hesabu ni wangapi wamekosolewa kabisa, halafu hesabu nani aliandika na nani alilipwa. Ukimaliza weka hapa.

Nyuzi_na_Udongo

Na uweke safu ya vifaa pia, rangi ya mafuta, jiwe, udongo, uzi, uone kipi kinapewa makala ndefu na kipi kinapewa aya mbili za pongezi.